Mbwa Niliyemuua kwa Mdomo

Kitanda changu ni futi tano kwa sita, na mimi mwenyewe si mwembamba. Sasa weka hapo mbwa wa ukubwa wa ndama, paka wawili wasiopatana, na sungura anayetafuna kila chenye pindo, halafu uniambie nalala wapi. Nalala ukingoni, ubavu mmoja umegusa ukuta, mguu mmoja ndani ya blanketi na mwingine umeachiwa baridi. Watu huniuliza, "Unaweza vipi?" Nawajibu kwamba siwezi hata kidogo. Ila kila asubuhi naamka nikicheka, na sijui ni wangapi katika mji huu wanaoamka hivyo.

Asubuhi yetu huanza kabla ya saa kumi na mbili. Anaanza paka jike, wa rangi ya chai ya maziwa, kunikanda kifuani kama unga wa chapati. Dume, yule mweusi mwenye sikio lililokatika, huwa juu ya kabati akivizia. Mkia wa mbwa ukitikisika tu chini ya shuka, huyo! Anaruka toka juu na kuuangukia. Mbwa anashtuka na kusimama wima kitandani, blanketi linakwenda naye, sungura anabaki wazi godoroni akipiga mguu kwa hasira, na mimi nachapwa mkia usoni. Hapo ndipo ninapofungua mdomo.

Na mdomo ninao! Mimi ni mzaliwa wa Voi, nimekulia Changamwe, na Kiswahili changu nilikuja nacho Kampala miaka kumi na saba iliyopita kikiwa kizima, sikukiacha mpakani. "Shuka! Nani amekuruhusu kupanda juu ya mto? Wewe mweusi, rudia tena uone! Kimya! Kila mtu mahali pake!" Tatizo ni kwamba huku Kiswahili kina sifa yake. Wazee wanakikumbuka kuwa lugha ya askari, tena askari aliyebisha mlango bila salamu. Zamani nikiwa na paka tu nilikuwa nafoka kwa kiasi. Alipoongezeka mbwa, sauti ikapanda, na alfajiri moja mama mwenye nyumba, Mganda wa makamo asiyependa makuu, akanisikia akajifungia chooni. Jirani wa chumba cha pili akaruka ukuta na taulo kiunoni. Kulipotulia mama mwenye nyumba akaja mlangoni pangu polepole. "Nyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "kuna hatali gani? Wamekuja wangapi?" Nikamwonyesha kitanda. Akawatazama wote wanne, akanitazama na mimi, akasema "Bambi," akaenda zake. Kwa Kiganda hilo ni neno la huruma, na hadi leo sijui alikuwa akimhurumia nani.

Wote wanne wametoka Wandegeya. Nina duka dogo huko, karibu na chuo kikuu, la kujalidi tasnifu. Mwanafunzi analeta karatasi zake zilizochapwa, mimi nazishona, natia gundi, navisha jalada gumu, na mgongoni napiga jina lake kwa herufi za dhahabu. Ni kazi ya heshima, ingawa kuna daktari mmoja mahali fulani duniani ambaye tasnifu yake ina manyoya ya paka wangu chini ya gundi ya ukurasa wa mwisho. Sasa, mabweni ya pale yanakataza wanyama, na kwa hiyo yamejaa wanyama. Binti wa sheria anaficha paka kabatini miaka minne. Siku ya kuondoka, mzazi amefika na gari, masanduku yamepakiwa, ndipo anakumbuka kwamba paka haendi nyumbani. Amkimbize wapi? Kwa Anti wa kujalidi! "Anti, wiki mbili tu, nitarudi kumchukua." Ndivyo alivyokuja jike. Dume aliletwa na vijana watatu wa famasia, amefungiwa ndani ya mkoba wa kompyuta. Sungura aliokolewa na mwanafunzi aliyetakiwa kumpasua darasani. Mkono ukamkataa, akamficha ndani ya koti. Wote walisema wiki mbili. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema mwezi.

Sikuwapa majina. Mama yangu alinifundisha kwamba kitu cha mtu ulichowekewa ni amana, na amana huigeuzi. Huipaki rangi mpya, huipi jina jipya, mwenyewe akija aikute kama alivyoiacha. Nilikuwa nalisema hilo kila mahali, dukani, kanisani, uani kwetu. "Hawa si wangu, hawa ni amana." Nalisema kwa maringo kabisa, shingo juu. Ni rahisi sana kusema maneno hayo wakati hakuna anayerudi.

Mbwa alikuja wa mwisho. Kijana aliyemleta alikuwa anamaliza masomo ya ualimu, mtoto wa mwanajeshi, amelelewa kambini huko kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, kifupi, kisichojali ngeli. Alisimama dukani na kamba mkononi, na mwisho wa kamba lilikuwapo bonge la mbwa wa kahawia, masikio yameanguka. "Anti, mbwa hii inasikia Kiswahili tu," akaniambia. Nikacheka. Kumbe hakuwa anatania! Alikuwa amemlea tangu kitoto mle kambini, na kule amri zote ni za Kiswahili. Mama mwenye nyumba alimfukuza kwa Kiganda, mbwa akamtazama kwa adabu tu. Wanafunzi walimwamuru kwa Kiingereza cha chuo kikuu, akapiga miayo.

Siku za kwanza alilala mlangoni, juu ya saruji, kama mlinzi. Nilimwambia "Panda" akaweka mguu mmoja kitandani, akanitazama, akauondoa. Ilimchukua siku tatu kuamini. Alipoamini, jamani, alijinyoosha kitanda kizima, paka wakahamia kifuani kwangu na sungura akaingia kwapani. Asubuhi moja, nimechoka kuwekewa makalio usoni, nikasema kwa utani tu, "Nyuma, geuka!" Loh! Aligeuka mzima mzima, kichwa kikaja kwangu na makalio yakaenda kwa paka mweusi. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Mji mzima huu sikuwa na mtu wa kuongea naye lugha yangu kwa raha. Wakenya wenzangu wapo, lakini kila mmoja ana mbio zake, na wengine wananijibu nusu nusu. Sasa nimepata mwenzangu! Nikawa nafunga duka jioni na kupanda kilima karibu nikikimbia, nimsimulie nani amekosea jina la msimamizi wake na nani amelia mbele yangu kwa kurasa zilizopinduliwa. Naye anasikiliza, kichwa upande, sikio moja juu. Nilimpenda. Sina njia nyingine ya kulisema.

Miaka miwili ikapita. Namba aliyoniachia yule kijana haikupatikana tena, na mimi, nikisema kweli, niliacha kuipiga mapema sana.

Akarudi siku ya mvua, wiki ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu. Duka limejaa. Wanafunzi sita wamenisimamia kichwani, gundi imenijaa vidoleni, ndipo nasikia, "Anti, habari ya miaka?" Nikainua kichwa. Alikuwa amekonda, suruali imepigwa pasi kwa mstari, viatu vimeng'arishwa japo nje ni matope. Akaniambia sasa ni mwalimu, shule ya mbali huko kwao. Alikuja Kampala siku moja tu kuchukua cheti chake, na basi lake lingeondoka saa nane, likipakia abiria Bwaise. Simu yenye namba yangu iliibiwa. Kisha akasema, "Nimekuja juu ya mbwa yangu."

Mbwa yangu! Damu ilinipanda hadi utosini. Nani alimpeleka kuchanjwa? Nani alimtoa kupe mmoja mmoja? Nani alipoteza kiatu cha kanisani, cha kushoto, kikatafunwa hadi kisigino? Miaka miwili bila hata salamu, halafu mtu anakuja na viatu vyake vinavyong'aa kusema yangu! Hayo yote yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi, tayari kutoka. Na ningeyasema tu, tungegombana, tungemaliza. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyowahi mdomo.

"Alikufa," nikasema.

Wale sita wakageuka kumtazama kijana. Kijana akauliza, "Lini?" Nikasema mwaka jana. "Ilikuwa nini?" Ugonjwa, nikasema. "Iliumia sana?" Nikasema hapana, alilala tu, hakuamka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ilinyooka mbele yangu kama barabara ya lami, kila swali lina jibu lake. Akakaa juu ya rundo la karatasi zangu, jambo ambalo simruhusu mtu yeyote, na safari ile nilimwacha. Alikuwa akitazama mikono yake. Baadaye akauliza, "Ilikuwa inalala wapi?"

Hilo nililijibu kwa kweli. "Kitandani kwangu," nikasema.

Akacheka, na machozi yakashuka wakati huohuo. "Kitandani! Kule kambini ililala kwa simenti maisha yote. Kumbe ilipata kitanda." Akafungua begi lake, akatoa kijitabu kidogo cha njano, kimechakaa pembeni, akakiweka juu ya meza yangu katikati ya nyuzi. "Ni kitabu yake ya chanjo. Weka tu, Anti. Mimi siwezi kurudi nayo." Akanishukuru. Alinishukuru, jamani, kwa mikono miwili! Akatoka akaingia mvuani.

Nilishika sindano, nikashona. Nilishona kurasa za mwanafunzi mmoja chini juu, nikafumua, nikashona tena vilevile. Binti aliyekuwa mbele ya foleni akaniambia kwa upole, "Pole kwa mbwa wako, Anti." Nikasema asante. Nilitamani benchi linimeze. Ndipo nikaosha vidole na kukifungua kile kijitabu, ili tu nisimtazame yule binti usoni.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mihuri ya chanjo za utotoni. Juu yake kulikuwa na mstari wa jina la mwenye mbwa. Jina la kijana lilikuwa limekatwa, tena limekatwa vizuri kwa rula, kazi ya mwalimu. Juu yake, kwa wino wa buluu ambao ulikuwa bado mpya, alikuwa ameandika: Anti wa kujalidi vitabu, Wandegeya. Pembeni ametia sahihi yake.

Nilisoma mara tatu. Hakuja kumchukua! Alikuja kumwona, na kunikabidhi. Alikuja kunipa kwa mkono wake kile nilichokuwa nakililia, na mimi nikamuua mbwa wake mbele ya watu sita.

Sasa sikiliza nilichokifikiria, maana sitaki ujidanganye kwamba mimi ni mtu mwema. Nilifikiri: nyamaza. Karatasi inasema mbwa ni wako. Kijana anaondoka saa nane, kwao ni mbali, hatajua. Na ukimpeleka mbwa pale kwenye basi, akamwona yuko hai, mnene, manyoya yanang'aa, si atabadili nia? Wino ni wino tu, unakatwa tena kwa rula ileile. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kutosha kabisa. Kisha nikalitazama lile rundo la karatasi alilolikalia, bado lina bonde na limelowa maji ya koti lake, nikakifunga kijitabu na kukitia kifuani.

"Tokeni," nikawaambia wale sita. "Tokeni, nafunga!"

Weh! Zilipigwa kelele hapo! "Anti, mwisho ni leo saa kumi!" "Anti, profesa ataniua!" Nikawaambia nitarudi kabla ya saa kumi, na asiyeniamini achukue sindano ajishonee. Nikafunga kufuli, nikapanda pikipiki ya boda hadi kwangu Mulago, nikaingia chumbani na viatu. Walikuwa wamelala kitandani wote wanne katika fungu moja, mvua huwapatanisha. "Simama! Twende!" Mbwa akaruka, paka wakatawanyika, sungura akazama chini ya mto.

Yule wa boda alipomwona mbwa anakuja akawasha pikipiki aondoke. "Nyabo, hapana! Iko kali!" Nikamshika koti. "Si mkali, ana heshima kukushinda. Endesha!" Nikampandisha mbwa mapajani mwangu, nusu yake imening'inia, miguu ya mbele juu ya mabega ya dereva, ulimi sikioni mwake. "Tulia!" nikapiga kelele, na mbwa akatulia, na dereva pia akatulia, akakaa wima, akaendesha kwa nidhamu ambayo sijaiona kwa mtu wa boda tangu nije mji huu. Barabara ya Bombo imefurika magari. Tulipita katikati ya mabasi madogo, tukapanda ukingo wa njia, watoto wa shule wakatupigia makofi, mbwa masikio yamerushwa nyuma, macho yanacheka, anaona dunia yote imeandaliwa kwa ajili yake. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya hofu ile yote nilikuwa nafurahi! Nilikuwa napiga ukelele kila tukiruka shimo.

Bwaise maji yalikuwa yametanda barabarani kama kawaida yake mvua ikinyesha, na hayo ndiyo yaliyoniokoa. Basi la kaskazini lilikuwa limekwama kwenye msururu, injini inanguruma, utingo mlangoni anapiga bati. Nikashuka, maji yakafika kwenye vifundo, nikatembea nikitazama dirisha moja moja. Nikamwona. Ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho amefumba.

"Mwalimu!" nikaita. "Mwalimu, fungua!"

Akafumbua macho, akaniona mimi kwanza, akafungua dirisha kwa wasiwasi kama mtu aliyesahau kitu dukani. Kisha akatazama chini. Mbwa alikuwa ananusa kuku wa mtu ndani ya tenga, hana habari. Uso wa kijana ulimwisha rangi. Halafu akasema, polepole, "Wewe."

Mbwa aliinua kichwa. Sijawahi kusikia mnyama akitoa sauti ile, si kubweka, si kulia, ilikuwa sauti ya mtoto kabisa. Alilirukia basi, kucha zikakwaruza bati, akaanguka majini, akaruka tena. Kijana aliwapita abiria wote na utingo pia, akashuka, akapiga magoti na suruali yake ya pasi katika maji yale, na mbwa akamwangusha chali. Watu madirishani wakashangilia. Mama mwenye kuku akashangilia. Mimi nilisimama pembeni na kamba mkononi, silii wala sicheki, nikingojea zamu yangu.

Alipoinuka, matope hadi nywele, nikamwambia. "Nilikudanganya. Niliogopa utamchukua." Nikatoa kijitabu kutoka kifuani nilikokificha kisilowe, nikamnyooshea. "Ni wako. Likate jina langu. Mchukue, nitaongea na utingo."

Hakukipokea. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, na nikaona hasira ikimjia, hasira ya haki, nikaipokea. Utingo akapiga bati, msururu umeanza kusogea. Kijana akaushika mkono wangu wenye kijitabu, akaurudisha kifuani kwangu.

"Kule tunalala walimu watatu kwa chumba moja," akasema. "Na hii sasa ni mbwa ya kitanda."

Akamshika mbwa kichwa, paji kwa paji, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, akapanda. Basi likaanza kujikokota majini. Nikamwona akisukuma kioo, akatoa kichwa nje, na mara hii hakuwa anacheka.

"Anti. Siku ingine nikirudi, niambie kweli. Hata kama imekufa kweli kweli."

"Nitakwambia," nikasema, mbele ya watu wote wale.

Mbwa alitaka kulifuata basi. Nilimkumbatia shingoni kwa mikono miwili, naye akanivuta hatua kadhaa ndani ya maji kabla hajasimama.